Vyombo vya Kwanza vya Karakana ya Nyumbani

Hotuba ya fundi kwa vikundi vya kujisaidia vya Rongai, Kaunti ya Nakuru. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika viisome pamoja. Mwishoni kuna maswali ya kuzungumzia katika mkutano wenu.

 

Nimeletewa swali moja, na ni swali zuri. Kikundi kimeweka akiba, kinataka kufungua karakana ndogo nyumbani kwa mmoja wa wanachama. Kinauliza: tununue nini kwanza? Najua wengi hapa wanangoja niseme, "Nunueni mashine ya welding." Mashine ya welding inaonekana kutoka barabarani. Inatoa moto, na jirani akipita anajua hapa kuna fundi. Lakini leo sitawaambia hivyo. Nitawaambia kwamba kazi ndiyo inayochagua chombo, na kazi nyingi inayokuja mlangoni mwetu hapa Rongai inataka vyombo vya mkono kwanza.

Kwa nini jambo hili ni zito? Kwa sababu pesa hizo ni za mama aliyeuza maziwa na mayai. Zikiingia katika chombo kinacholala chini ya gunia, hazirudi, na kikundi huanza kunong'ona. Tena kuna vijana wetu. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza, mtoto akimaliza shule ya msingi aende wapi? Kutokana na taarifa ile zikaanza polytechnic za vijiji, ambazo leo ni vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti. Kazi kubwa imefanyika. Lakini mpaka leo kijana anamaliza chuo, anarudi nyumbani na cheti, na mikono yake ni mitupu. Anajua kufungua injini lakini hana spana. Karakana ya kikundi inaweza kuziba pengo hilo, ikianzishwa kwa akili.

ANDIKENI KAZI KABLA YA KUANDIKA VYOMBO

Kabla hamjakwenda mjini Nakuru, fanyeni jambo lisilo na gharama. Kwa mwezi mmoja, karani aandike kila kitu kinachoharibika kwa wanachama na majirani. Aandike kilichoharibika, nani alikitengeneza, na alilipwa pesa ngapi.

Nafikiri mtapata orodha kama hii: mipini ya majembe, mapanga butu, wilbaro iliyokufa beringi, mkokoteni wa punda uliolegea, baiskeli, pampu ya kunyunyizia dawa inayovuja, bawaba za mlango, mashine ya kupukuchua mahindi. Halafu pikipiki, nyingi sana. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, boda boda zimeingia kila kijiji.

Msichukue orodha ya watu wengine. Kuna Rongai nyingine kule Kajiado, Ongata Rongai, karibu na Nairobi. Fundi wa kule huenda akaishi kwa mageti na madirisha ya nyumba za kupanga. Sisi huku tunaishi na mahindi, ng'ombe, punda na vumbi. Hilo vumbi la Januari na Februari linaua beringi kuliko mzigo. Basi hata mkebe wa grisi ni chombo cha lazima hapa.

CHOMBO CHA KWANZA NI KITU CHA KUSHIKIA

Sasa tuingie karakanani. Chombo cha kwanza kabisa ni meza imara na jiriwa, ile wengi wetu tunaita vaisi. Mtashangaa, lakini fikirini kidogo. Mtu anayekata chuma huku amekishika kwa mguu atakata vibaya, au atakata mguu. Ukiwa na jiriwa unapata mkono wa tatu, ambao hauchoki wala hautetemeki.

Jiriwa ya meno yenye upana wa inchi 4 au 5 inatosha kazi zetu. Ifungwe mezani kwa bolti zinazopita mpaka upande wa chini, si kwa misumari. Iwekwe juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao, la sivyo kila ukigonga meza itaruka. Kimo chake? Simama wima, kunja mkono: kiwiko chako kiwe sawa na juu ya meno ya jiriwa. Ikiwa chini zaidi, mgongo utakuuma kabla ya saa sita mchana.

Meza yenyewe msinunue. Mbao za 2 kwa 6 na miguu minene mnaweza kuzipata hapa hapa.

VYOMBO VYA KUPIMA, KUKATA, KUFUNGUA NA KUTOBOA

Baada ya meza, nunueni kwa mafungu. Kila fungu lina kazi yake.

Fungu la kupima: futi ya chuma ya mita 3 au 5, skwea, pima maji, na kitu cha kuchorea chuma. Fundi asiyepima anakata mara mbili, na chuma kikishakatwa kifupi hakirefuki tena.

Fungu la kukata: msumeno wa mbao, msumeno wa chuma, patasi ya chuma, patasi ya mbao, na tupa tatu, yaani bapa, ya nusu duara na ya mviringo. Juu ya msumeno wa chuma nina maneno machache, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotea kidogo kidogo. Wembe wake huandikwa idadi ya meno kwa kila inchi. Wa meno 18 ni wa chuma kinene. Wa meno 24 ni wa kazi za kawaida. Wa meno 32 ni wa bomba jembamba na bati. Kanuni ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe juu ya chuma wakati wote. Ukikata bati kwa wembe wa meno makubwa, meno yanang'oka na unalaumu muuzaji. Tena wembe ufungwe meno yakielekea mbele, mbali na mpini, kwa maana unakata unaposukuma. Usikimbize mkono. Mara 40 au 50 kwa dakika zinatosha.

Na tupa isitumike bila mpini, hata siku moja. Ile ncha inaingia kiganjani kama mkuki.

Fungu la kufungua na kugonga: nyundo ya fundi chuma ya kilo 1 hivi, nyundo ya misumari, bisibisi bapa na za nyota, plaiyasi, koleo la kufunga la kushika bomba, na spana. Kwa pikipiki na baiskeli, spana za milimita 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19 zitafanya sehemu kubwa ya kazi. Nunueni zile zenye mdomo wazi upande mmoja na pete upande wa pili. Nati iliyokaza ianzwe kwa pete, kwa sababu pete inashika pembe zote sita. Ikishalegea ndipo utumie mdomo wazi kwa haraka. Spana ya kurekebisha ni nzuri kuwa nayo moja, lakini si ya kila siku. Mkiitumia, vuta kwa upande ambao nguvu inaangukia ule mdomo usiosogea.

Ongezeni vyuma viwili vya kufungulia tairi, pampu ya mkono, viraka na gundi. Pancha ndiyo kazi itakayowaletea pesa ya kwanza, hata kabla jina la karakana halijajulikana.

Fungu la kutoboa: keekee ya mkono inatosha kuanza, pamoja na misumari ya kutobolea ya milimita 3 mpaka 10. Kabla ya kutoboa chuma, tia alama kwa ncha na nyundo, ili keekee isitembee. Tia tone la oili.

Hivyo ndivyo vyombo vya kwanza. Mkiviweka mezani havijazi gunia moja. Lakini rudini kwenye orodha ya karani: ni kazi ngapi kati ya zile zinabaki bila kufanyika? Chache tu.

MSIDANGANYWE DUKANI

Spana ya bei rahisi sana ni ghali. Mdomo wake unapanuka, unakula pembe za nati, na nati ikishakuwa ya mviringo mteja anakudai wewe. Beba nati na bolti za 10, 14 na 17 mfukoni unapokwenda dukani. Jaribu spana hapo hapo kaunta. Ikicheza, irudishe. Ulizeni maduka matatu kabla ya kulipa, na mtumwe wawili, mmoja fundi na mmoja mweka hazina. Ombeni risiti yenye jina la kikundi, si la mtu.

Vyombo vya mtumba si vibaya. Jiriwa ya zamani ya chuma kizito inaweza kushinda mpya nyepesi. Lakini ifungue mpaka mwisho na uifunge, uangalie hesi zake. Angalia ufa. Patasi iliyochanua kichwa kama uyoga isagwe kwanza, maana ile kingo ikivunjika inaruka kama risasi.

MASHINE ZINA WAKATI WAKE

Sisemi msinunue mashine. Nasema zije zikiitwa na kazi. Kama karani ameandika kazi za kuchomelea mbili kwa mwezi, mpelekeeni fundi mwenye mashine, mlipe, mwendelee. Zikifika mbili au tatu kwa wiki, hapo mashine imejiita yenyewe.

Ikifika siku hiyo, ulizeni habari za umeme kabla ya bei. Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240, na soketi ya kawaida ni ya ampia 13. Zidisha, utapata wati 3,120. Mashine nyingi za zamani za kuchomelea zinavuta zaidi ya hapo. Mkiichomeka kwenye soketi ya jikoni, waya unachemka ndani ya ukuta na nyumba inaungua watu wamelala. Mwiteni fundi wa umeme mwenye leseni aweke laini ya peke yake, yenye kikata umeme chake na waya wa ardhini. Zile mashine ndogo za inveta zinavuta umeme kidogo kuliko zile za zamani, na ni nyepesi kubeba. Hata hivyo someni kibao cha nyuma kwanza.

Grainda pia inataka heshima. Grainda ndogo ya diski ya milimita 115 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 imetengenezwa kwa mwendo wa kama 6,600 tu. Nimeona watu wanatoa kifuniko ili diski kubwa iingie kwenye grainda ndogo. Hiyo diski ikipasuka haichagui fundi wala mtoto aliyesimama mlangoni. Kifuniko kisitolewe.

MACHO NA MIKONO NI VYOMBO PIA

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi vijana. Miwani ya kukinga macho ipo katika orodha ya kwanza, pamoja na jiriwa na nyundo. Si kitu cha kununua pesa ikibaki. Spana ikipotea tunanunua nyingine. Jicho hatununui, hata harambee ya kijiji kizima haitoshi.

Miwani ya jua haifai kwa welding. Inayotakiwa ni kofia au ngao yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11. Mtu akiangalia ule mwanga bila kinga, mara nyingi hasikii kitu saa ile. Ni usiku ndipo macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Wapo wanaoweka maziwa au kiazi. Msifanye hivyo. Nendeni hospitali. Na watoto wanaokuja kutazama wafukuzwe kwa upole, maana ule mwanga unawafikia hata wakiwa mbali kidogo.

Mambo mengine matatu. Kwanza, msichomelee pipa au tangi lililokuwa na petroli, hata kama limekauka na halina harufu kali. Mvuke uliobaki unalipuka. Pili, bati lililopakwa zinki likichomelewa linatoa moshi unaoleta homa. Kwangueni zinki kwanza, na mfanyie nje penye upepo. Tatu, wekeni ndoo ya mchanga na sanduku la huduma ya kwanza mahali panapoonekana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali popote ambapo mtu anafanya kazi, hata kibanda cha mabati nyuma ya nyumba.

CHUMA CHAKAVU KINA SHERIA

Fundi anapenda chuma cha zamani, na mimi napenda pia. Lakini jueni Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015: kufanya biashara ya vyuma chakavu kunataka leseni. Mnakumbuka Januari 2022, umeme ulipopotea nchi nzima na ikasemekana vyuma vya minara vimeibwa? Serikali ilisimamisha biashara hiyo mpaka Mei mwaka huo.

Reli inapita hapa kwetu kwenda Eldoret. Kipande cha reli ni fuawe nzuri sana, hakuna fundi asiyejua. Lakini kijana akija usiku na kipande cha reli, au pembe ya mnara wa umeme, au kibao cha barabarani, mwambieni arudi nacho. Kesho askari watakuja kwa kikundi, si kwake. Chuma chochote mnachonunua kiwe na risiti, na kiandikwe katika daftari pamoja na jina la aliyeuza.

DAFTARI NA UBAO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ninavyoona, vyombo vya kikundi haviibwi na wezi wa usiku sana. Vinaazimwa na marafiki wa mchana. "Nipe hiyo spana ya 14 kidogo tu," basi, imekwenda.

Fanyeni hivi. Tundikeni ubao ukutani. Kila chombo kiwe na msumari wake, na nyuma yake mchore umbo lake kwa rangi. Jioni ukiangalia ubao, umbo tupu linakuambia kilichokosekana, hata kama hujui kusoma. Pakeni rangi moja ya kikundi kwenye mipini yote. Chagueni mtu mmoja wa kushika ufunguo, na mwingine wa kuhesabu kila Jumamosi. Wasiwe wa nyumba moja. Anayeazima aweke sahihi na tarehe ya kurudisha. Asiyerudisha alipe bei ya dukani, awe mwenyekiti au awe mwanachama wa jana.

Na chombo kikirudi, kifutwe kwa kitambaa chenye oili kidogo. Kutu haina likizo.

HESABU YA MFANO

Tuseme kikundi kina watu 20, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Kwa wiki 10 mna shilingi 40,000. Mimi ningegawa hivi. Nusu, yaani 20,000, iende kwa jiriwa na vyombo vya mkono. Robo, yaani 10,000, iende kwa kinga, kufuli, ubao na meza. Robo inayobaki, 10,000, isiguswe siku ya kwanza. Hiyo ni ya nyembe za msumeno, viraka, grisi, nati na bolti. Karakana nyingi hufungwa wakati vyombo vipo, lakini hakuna pesa ya kununua wembe mmoja.

Kama pesa yenu ni kidogo kuliko hiyo, msife moyo. Anzeni na fungu la pancha na spana. Kila kazi ikilipwa, weka sehemu kando ya kununua chombo kinachofuata katika orodha. Mtachelewa kuliko jirani aliyekopa, lakini hakuna mtu atakayekuja kuwachukulia ng'ombe.

Mwisho kabisa, hao vijana wenu waliotoka chuoni wapeni nafasi. Wakae karakanani na mzee aliyejifunzia kazi chini ya mti. Mmoja ana vitabu, mwingine ana mikono, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Yule mzee asiyekuwa na cheti anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa NITA apate karatasi yake.

Nimemaliza, bwana mwenyekiti.  Kama kuna maswali, niko hapa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Mwezi uliopita, ni vitu gani viliharibika nyumbani kwetu? Tulilipa pesa ngapi kuvitengeneza?
2. Kati ya kazi hizo, ni ngapi zingefanyika kwa vyombo vya mkono peke yake?
3. Ni nani kati yetu, au watoto wetu, amejifunza ufundi na hana vyombo?
4. Nani atashika ufunguo, na nani atahesabu vyombo kila wiki?
5. Mwanachama akipoteza chombo, tutafanya nini? Andikeni uamuzi wenu kabla ya kununua chombo cha kwanza.